Mkamwana Mwenye Heshima

Mzee Maganga aliletwa kituo cha afya Jumapili, watu wakiwa wametoka kanisani, amelazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe juu ya magunia ya pamba. Mkojo ulikuwa umemfunga tangu katikati ya wiki. Nyumbani walishamnywesha mizizi ya kila aina, wakamkalisha kwenye maji ya moto, wakamchanja chale kinenani, na hata tone halikutoka. Tumbo lilikuwa limemvimba likawa gumu, na alichokuwa akifanya ni kuuma blanketi tu.

Kituo kile cha kijiji, ng'ambo ya Segese, kilikuwa na watu wawili wa kutibu. Mganga Valerian alikuwa amekwenda Kahama kufuata dawa, ambazo mwaka ule wa themanini na tatu ukizifuata mara tatu unazikuta mara moja. Aliyebaki ni Paskazia, muuguzi na mkunga mwenye leseni, mwanamke aliyesifika vijiji vyote vya jirani kwa wepesi wa mikono. Mpira wa kutolea mkojo ulikuwepo, mmoja, tena ulikuwa umechemshwa asubuhi ile ile. Kuuweka alijua. Alishawawekea wazee wengi, wakaondoka wakimwombea baraka. Shida ni kwamba mzee huyu alikuwa baba wa mume wake.

Asiyetoka Usukumani anaweza kuona ni jambo dogo. Mkamwana na baba mkwe hawali pamoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mwanamke hukaa kando ya njia, akapiga magoti, akaangalia majani mpaka mzee apite. Sasa mwanamke huyo huyo ndiye amfunue nguo, amshike pale, amtie mpira! Paskazia alisimama na trei mkononi, hatua mbili kutoka kitandani.

Mzee alipoiona sare nyeupe alijivuta blanketi hadi kichwani.

"Mwambieni atoke," alisema humo ndani. "Ni mkwe wangu huyo. Mwambieni atoke."

Paskazia alimgeukia mama mkwe wake, Bibi Mbuke, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda.

"Mama, mwambie baba ni kazi ya muda mfupi tu. Nitamfunika vizuri. Nitatazama pembeni. Asipowekewa mpira huu atakufa."

Bibi Mbuke alimtazama mwanawe mkubwa, Ngassa, aliyekuwa amesimama kizingitini na fimbo yake ya kuswagia ng'ombe. Tangu mzee augue, Ngassa ndiye alikuwa mwenye neno nyumbani, na lazima isemwe kwamba alikuwa ameanza kuufurahia ukubwa huo.

"Umesikia mzee alivyosema," alisema Ngassa. "Au unesi umekupandisha juu ya wakwe zako? Mguse uone. Leo leo unarudi kwenu, na Makoye ataoa mwingine."

Makoye, mume wake, alikuwa Kagongwa kwenye shughuli zake za kuuza mpunga. Angekuwepo isingebadilika kitu, maana Makoye hajawahi kumpinga kaka yake hata kwenye bei ya kuku. Paskazia aliweka trei mezani akatoka. Hapo ndipo alipokosea, na ninayesimulia haya sina nia ya kumsafisha. Muuguzi hamwachi mgonjwa anayekufa kwa kuogopa shemeji. Lakini wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuwa wake za watu katika boma la Mzee Maganga.

Alikimbilia dukani kwa Kamrudin, upande wa pili wa uwanja, mahali ambapo palikuwa na gari pekee la kijiji kizima.

"Mama Kabula, gari ipo," alisema Kamrudin, akimwita kwa jina la binti yake. "Petroli kidogo ipo. Lakini leo Jumapili, na saa nane imeshapita. Gari ikionekana barabarani polisi wanachukua, na mimi wananiweka ndani. Sheria ya kubana petroli unaijua. Tena mwaka huu! Mwaka huu mwenye duka akikohoa tu anaitwa mhujumu uchumi."

"Mzee anakufa, baba."

"Kesho alfajiri nampeleka mwenyewe. Bure. Senti sitaki."

"Kesho utabeba maiti."

Kamrudin alimtazama, kisha akatazama kituo cha afya kilichokuwa mbele yao kabisa. "Sasa wewe nesi, huwezi kumsaidia mkojo utoke?"

"Naweza."

"Sasa?"

"Ni mkwe wangu."

Kamrudin alikuwa na wakwe naye, na bibi zake kwao waliishi kwa miiko ambayo hapa kijijini hakuthubutu kuieleza. Alimwambia asubiri, akaingia ndani kushauriana na mkewe, akakaa huko muda mrefu. Paskazia alisimama juani akimsubiri. Jibu lilipotoka lilikuwa lile lile, na aliporudi kituoni akakuta kitanda kitupu. Ngassa alikuwa ameamua kumpeleka mzee Kahama kwa mkokoteni, wakatokea mlango wa nyuma. Mzee Maganga alikata roho njiani, jua halijazama, ng'ombe wakiwa wamesimama kunywa maji kwenye dimbwi.

Msibani Paskazia alipewa sifa ambazo hakuwahi kuzisikia tangu aolewe. Wazee walisema mkamwana wa namna ile siku hizi hapatikani. Msomi, mfanyakazi wa serikali, na bado anajua adabu! Ngassa alisimama mbele ya waombolezaji akasema familia imepata mkamwana mwenye heshima, na akaagiza apelekewe paja zima la mbuzi jikoni. Paskazia alilipokea kwa magoti. Moyoni alikuwa akiuona ule mpira kwenye trei.

Si yeye peke yake aliyeuona. Mganga Valerian aliporudi alikuta trei mezani kama ilivyoachwa. Akauliza, akaambiwa, akapeleka taarifa wilayani kama kazi yake ilivyomtaka. Wakaja wakubwa na gari, wakaweka benchi barazani, wakaanza kuhoji.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Makoye alikuwa amemwomba mkewe kwa sauti ya chini. "Ukimtaja kaka, watamfunga. Sema tu ulishindwa. Watakukaripia, yataisha."

"Na baba alivyokataa?"

"Ukisema alikataa watauliza nani alisikia. Watamwita mama. Mama aanze kueleza watu habari za mwili wa baba? Mama Kabula, nakuomba. Sema ulishindwa."

Ngassa ndiye aliyehojiwa kwanza. "Sisi tulimleta mgonjwa," alisema. "Nesi hakumgusa. Alitoka akaenda dukani." Kila neno lilikuwa la kweli, angeweza kuliapia.

"Kuna mtu aliyemkataza?"

"Nani amkataze nesi ndani ya kituo cha serikali, mheshimiwa?"

Paskazia alipoulizwa, alisema: "Nilishindwa."

Jina lake likafutwa katika orodha ya wauguzi, leseni ikabatilishwa. Siku habari ilipofika, Valerian aliambiwa akusanye beji na mkanda kwa kuwa ni mali ya serikali. Alimwita Paskazia mapema, kabla kliniki ya watoto haijaanza, ila kina mama walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi na chumba cha faragha kilikuwa na mgonjwa. Paskazia akavua mkanda pale pale mbele yao. Bila mkanda gauni lilimpwaya, akaonekana mwembamba kuliko walivyomjua. Mama mmoja aliyezalishwa naye alianza kucheka kwa haya, akajiziba mdomo na khanga, kisha akaangalia pembeni.

Nyumba ya serikali alinyang'anywa pia. Yeye, Makoye na binti yao Kabula wakahamia bomani, wakapewa chumba kilichokuwa kikiwekwa mbegu. Na hapo ndipo ukoo ulipogundua ulichokuwa umekula miaka yote. Sukari iliyokuwa ikija kila mwisho wa mwezi haikuja. Sabuni ikawa ya magadi. Dawa ya kuchua miguu ya Bibi Mbuke ikaisha, bibi akawa analala akiguna. Watoto wa Ngassa, ambao sare zao alikuwa akizinunua Paskazia bila hata kuambiwa asante, wakarudishwa nyumbani na mwalimu kwa kuvaa matambara.

Sifa za msibani zikayeyuka upesi. "Tulioa nesi," Ngassa alisema siku moja akimwangalia akipalilia, "sasa tuna mkulima asiyejua kulima." Watu shambani walicheka, Makoye akainama akaendelea na jembe lake kama hakusikia.

Mvua zilipokatika Paskazia akaenda na wanawake wengine machimboni kuosha mchanga ulioachwa na wachimbaji, kutwa nzima kainama kwenye karai kutafuta punje ya dhahabu. Wachimbaji walimjua. "Nesi, njoo unipime homa!" mmoja alimwita, mwenzake akamdakia: "Wewe atakugusa basi? Hata baba mkwe wake mwenyewe alimkimbia!" Wakaangua kicheko, wakapigana viganja. Paskazia aliendelea kuzungusha karai. Alilia njiani akirudi, mahali ambapo hapakuwa na nyumba, akanawa uso kabla hajafika bomani maana mama mkwe hakupenda kuona mtu amenuna.

Mwaka ulipopita alipiga moyo konde akaenda Shinyanga kwa Bi Bhoke, muuguzi mkuu wa mkoa, mwanamke wa Tarime asiyejua kuzungushazungusha maneno. Alikaa kwenye korido asubuhi nzima, akapitwa na wanafunzi wa uuguzi waliokuwa wakinong'ona. Alipoitwa hakukaribishwa kiti.

"Mgonjwa alikataa kwa mdomo wake?" aliuliza Bi Bhoke.

"Alikataa, mama."

"Akili zake zilikuwa timamu?"

"Timamu kabisa."

"Kwa nini hukusema walipokuhoji? Ulikuwa unamlinda nani?"

"Nyumba yangu."

"Na nyumba imekulinda?"

Bi Bhoke akavua miwani, akasema kwa sauti iliyopungua ukali kidogo: "Kwetu nako kuna wakwe, usidhani sijui. Lakini baraza la wauguzi halisikilizi habari za wakwe. Linasikiliza kwamba mtu mzima mwenye akili zake alikataa matibabu. Kamati itakaa hapa mjini mwezi ujao. Lete mtu aliyekuwemo chumbani, aliyesikia kwa masikio yake. Ukija peke yako utakuwa umepoteza nauli."

Waliokuwemo chumbani ni wawili. Ngassa aliposikia alitema mate chini.

"Mama asimame mbele ya wanaume wa serikali aeleze baba alikuwa anaumwa wapi? Mzee yuko kaburini, mnataka kumvua nguo?"

"Kaka, ni kusema tu kwamba alikataa," alisema Makoye.

"Wewe nyamaza. Mke wako alikula paja la mbuzi kwa heshima ile. Leo anataka na mshahara wake?"

Ubishi ukaendelea siku kadhaa, Makoye akiomba, Ngassa akifoka. Aliyeukata ni Bibi Mbuke mwenyewe, jioni moja, akiwa ameshika bakuli lake.

"Nitakwenda," alisema. "Nimechoka kunywa uji wa chumvi."

Ngassa alikodoa macho. Halafu, kwa kuwa naye alikuwa amechoka na uji wa chumvi, akalegea. "Nenda, mayu. Sema mzee alikataa, basi. Mimi na fimbo yangu usitutaje."

"Sitakutaja," alisema Bibi Mbuke.

Kamati ilikaa katika ukumbi mdogo wenye madirisha ya nyavu. Walikuwa watu watano, mwenyekiti akiwa mzee mmoja mpole wa sura, Bi Bhoke akiwa kando. Makoye aliruhusiwa kukaa nyuma. Bibi Mbuke alikuwa amevaa khanga ya kuazima, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akawa anasema polepole.

"Bibi, marehemu alikataa kutibiwa na muuguzi huyu?"

"Alikataa. Alisema, mwambieni atoke."

"Wewe ulisikia?"

"Nilikuwa karibu na kichwa chake."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake, wakatikisa vichwa kuridhika. Paskazia alihisi pumzi ikimshuka vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Kazi ilikuwa imekwisha. Mwenyekiti alikuwa anafunga kalamu yake alipouliza, kwa mazoea tu ya mtu anayeuliza watu: "Baada ya hapo hakusema kitu kingine?"

Bibi Mbuke angeweza kusema hapana, akaondoka zake. Pengine neno lilikuwa limemkaa kooni muda mrefu mno. Pengine alikuwa hajui kumdanganya mtu aliyemwuliza kwa upole.

"Alisema," alijibu. "Yule alipotoka, maumivu yalizidi. Akasema, basi mwiteni."

Mwenyekiti akafungua tena kalamu yake.

"Wamwite nani?"

"Huyu. Mkamwana. Alisema, mwiteni Paskazia."

Tangu aolewe, Paskazia hakuwahi kutajwa kwa jina na baba mkwe wake. Jina la mkamwana haliingii kinywani mwa mkwe, ni mwiko kama ulivyo mwiko wa kushikana. Mzee Maganga alikuwa ameuvunja kwa hiari yake, akiwa na akili zake, kwa sababu alitaka kuishi. Paskazia alishika ukingo wa kiti.

"Nani alikwenda kumwita?" aliuliza mwenyekiti.

"Hakuna. Mwanangu mkubwa alisema ni homa inaongea. Akafunga mlango."

"Na wewe?"

"Mimi nilikaa."

"Muuguzi alikuwa wapi wakati huo?"

"Dukani kwa Kamrudin. Nilimwona dirishani, amesimama juani."

"Ni mbali?"

"Si mbali. Ningepaza sauti angesikia." Bibi Mbuke alijifuta midomo kwa ncha ya khanga. "Mzee alimwita mara nyingi. Mimi nikamwimbia taratibu ili anyamaze."

Kule nyuma kiti kilianguka. Makoye alikuwa amesimama, akatafuta mlango kwa mikono kama kipofu, akatoka.

Mwenyekiti alimgeukia Paskazia. Uso wake haukuwa mpole tena. "Ulijua habari hii?"

"Sikujua, mheshimiwa. Naisikia leo."

"Kama ungeitwa, ungerudi?"

"Ningerudi," alisema Paskazia. Lilimtoka upesi, kwa sauti kavu, na Bi Bhoke akainua macho kumtazama.

Walitolewa nje, wakaitwa tena. Mwenyekiti alisema mgonjwa alikataa, kisha akakubali, na muuguzi hakuarifiwa. Kwa hiyo kosa lililobaki kwake ni kuondoka chumbani, na kwa hilo anapewa onyo kali. Leseni anarudishiwa. Ataripoti kazini Jumatatu, kituo kile kile. Bi Bhoke alimpa mkono, akamwambia "Hongera," kwa namna watu wanavyosema pole.

Walikaa stendi kusubiri basi la Kahama. Makoye alikuwa amejitenga, amesimama jua kali karibu na ukuta wa choo, na kila mama yake alipomwita hakugeuka. Huyu ndiye aliyemwambia mkewe aseme alishindwa, na sasa hakujua amchukie nani. Bibi Mbuke alikuwa amekalia kifurushi chake, akitafuna muhindi wa kuchoma alionunuliwa na Paskazia.

"Mshahara utaanza mwezi huu au ujao?" aliuliza.

Paskazia alimwangalia. Mkamwana hamkodolei macho mama mkwe, lakini yeye alimkodolea.

"Kwa nini hukuniita, mama?"

Bibi Mbuke alitafuna, akameza. "Ningekaaje na wewe jiko moja? Umshike mume wangu, halafu jioni unisongee ugali kwa mkono huo huo?"

"Angekuwa hai."

"Angekuwa hai, anajificha ndani kwa aibu."

"Angekuwa hai, mama! Aliniita mwenyewe!"

Watu waliokuwa jirani waligeuka. Bibi Mbuke akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza siku ile ikasikika imechoka.

"Ulimjibu yule bwana upesi sana. Mimi nilikuwa nakutazama. Ngassa alikuwa mlangoni, mumeo hayupo, ukoo wote ungekutema. Ningekuita, ungerudi kweli?"

Paskazia alifungua mdomo. Lile neno alilolisema mbele ya kamati alilitafuta, akalikosa. Alichokipata ni kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu, hata Mungu kanisani: kwamba siku ile, alipoweka trei mezani akatoka nje kwenye jua, alikuwa ameshusha pumzi kwa nafuu. Pale dukani alikuwa amemwomba Kamrudin kwa machozi ya kweli, na bado alikuwa na furaha kidogo kwamba yuko dukani.

"Sijui," alisema.

"Basi usinitazame hivyo," alisema Bibi Mbuke.

Basi lilikuwa limeingia na watu wakaanza kusukumana mlangoni. Bibi alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Akamnyooshea mkono mkamwana wake, na Paskazia akaushika, akampandisha.